Koti la Bwana Kimya

Mimi nafanya kazi benki. Naketi dirisha la tatu, karibu na mlango. Kazi yangu ni kupokea fedha za watu na kuwapa watu fedha zao. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Nilidhani hakuna jambo la fedha linaloweza kunishangaza tena. Sikuwa nimeona koti hili ninalotaka kuwasimulia. Wenye koti wameniruhusu nisimulie, mradi nisiwataje majina.

Nyuma ya benki yetu kuna duka dogo la ushonaji. Ni chumba kimoja chenye mlango wa bluu na dirisha pana la kioo. Ndani mna cherehani mbili, meza ya kukatia nguo na pasi ya umeme. Fundi ni mwanamke mwembamba, mwepesi wa mikono. Mtaa mzima humwita Sindano. Mumewe ni mpaka rangi wa nyumba. Siku asipopata kazi, huja dukani kupiga pasi na kuzungumza na wateja. Kupiga pasi anajitahidi. Kuzungumza ndiko anakokuweza hasa.

Kwenye kona, juu ya kiti chenye mto, huketi mama yake Sindano. Yeye ndiye aliyelianzisha duka na kumfundisha binti yake kila mshono. Lakini siku zile ninazozisimulia, mama alikuwa haoni. Macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anajua kitambaa kwa kukipapasa tu. Ukimpa gauni, alipitisha kidole kwenye pindo na kusema, "Hapa umerukaruka." Na ilikuwa kweli.

Pale dirishani alisimama Bwana Kimya. Huyo ni sanamu la mbao la kuvalishia nguo. Hana kichwa wala mikono, ila kifua anacho. Kila siku alivaa koti lile lile jeusi, lenye bitana ya zambarau kwa ndani. Watu wengi walilitaka. Sindano alikuwa na jibu moja tu: "Hilo haliuzwi. Ni la kuonyesha kazi."

Kila nilipopita nilimwambia, "Dada, njoo ufungue akaunti. Benki iko hatua ishirini tu kutoka hapa."

Naye alicheka. "Benki nina yangu. Haina foleni, haina makato, na Jumapili haifungi."

Nilidhani ananitania.

Jumatano moja mchana nilikwenda kuchukua sketi yangu ya kazi. Nilimkuta Sindano ndiyo kwanza anaingia na mama yake, wametoka hospitali. Walikuwa wameshinda huko tangu Jumatatu, wakisubiri kwenye foleni ya macho. Sindano alinishika mikono yote miwili.

"Dada, ataona! Wamekuja madaktari wageni, watakaa wiki moja tu. Daktari amempima Mama. Upasuaji ni Jumamosi, jicho moja kwanza. Amesema ataona!"

Nilimtazama mama. Aliketi kitini pake, mikono juu ya magoti.

"Nimejiambia nisifurahi mapema," alisema. "Lakini moyo haunisikii."

"Tunatakiwa tulipe kabla ya Ijumaa saa sita mchana," Sindano aliendelea. "Tukichelewa, nafasi wanapewa wengine. Na madaktari hawa hawarudi mpaka baada ya miaka miwili."

"Na fedha je?" niliuliza.

"Zipo zote. Miaka mitatu nimezikusanya." Akageukia dirishani.

Bwana Kimya alikuwa amesimama pale bila koti.

"Koti liko wapi?" Sindano aliuliza.

Mumewe aliweka pasi pembeni. Uso wake ulijaa furaha. "Nilitaka nikushtukize, mke wangu. Nimeliuza!"

"Umeliuza?"

"Jumatatu jioni. Mzee mmoja mtanashati. Amelipa bei yote, hakupunguza hata senti. Nililipiga pasi kwanza, likanyooka vizuri. Yaani ungeniona ungejivunia mume."

Sindano aliketi sakafuni, pale pale kwenye vipande vya vitambaa.

"Fedha za macho ya Mama zilikuwa ndani ya bitana," alisema.

Kisha Sindano akatueleza, polepole. Kila Jumamosi alifungua bitana ya lile koti kwa chini. Aliweka noti za wiki ile, akazitandaza vizuri zisivimbe, akashona tena kwa uzi wa zambarau. Hakuogopa wezi, kwa sababu hakuna mwizi ambaye angeuona mshono ule. Alimficha hata mumewe, maana mumewe hana siri. Hilo la mumewe nililielewa. Lakini nilistaajabu. Fundi hodari namna hii, na uhodari wake ndio uliomponza. Alishona vizuri mno, mpaka mtu wa ndani ya nyumba yake akauza fedha zake bila kujua.

Mume alikuwa amebadilika rangi. Alitoa simu mfukoni kwa haraka.

"Usilie," alimwambia mkewe. "Nakopa sasa hivi. Kuna mkopo wa simu hapa, dakika tatu tu fedha zimeingia."

"Hebu subiri, shemeji," nilisema. "Nisomee masharti."

"Masharti marefu. Nani anayasoma?"

"Wewe. Leo."

Akaanza kusoma, huku anafuata maneno kwa kidole. Anaomba laki moja. Anapewa elfu tisini, maana elfu kumi zinakatwa kabla hajazishika. Baada ya siku thelathini anarudisha laki moja na elfu ishirini. Akichelewa, deni linaongezeka kila siku. Na yeye alihitaji laki nyingi, si moja.

"Mwezi huu una kazi ya kupaka rangi?" nilimuuliza.

"Kuna jengo moja... nasikia tetesi."

"Sasa tetesi ndiyo itakayolipa?"

Akashusha simu. Nikamwambia sikatai mkopo. Benki yangu yenyewe inakopesha. Lakini mkopo uchukuliwe na mtu anayejua atalipa kwa fedha gani, na lini, na jumla ni kiasi gani. Ukichukuliwa kwa hofu, unakuja kuwa shida ya pili. Kisha nikauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza.

"Yule mzee alikulipaje?"

"Kwa simu. Alisema hapendi kutembea na fedha nyingi mkononi."

Nilimsogelea. "Rudia, shemeji."

"Kwa simu, nimesema."

"Basi jina lake na namba yake unavyo!"

"Sina," alisema kwa unyonge. "Ule ujumbe nimeufuta. Simu imejaa video za mpira."

"Umefuta ujumbe. Muamala haufutiki. Fungua orodha ya miamala yako."

Alibonyeza, akakwama, akanisogezea simu. "Nisaidie, dada. Namba yangu ya siri ni saba, mbili..."

"Nyamaza!" Niligeuka haraka, nikatazama ukutani. "Hata mimi usinitajie. Hata mtu wa benki. Akikuuliza mtu namba yako ya siri, jua huyo hakutakii mema. Bonyeza mwenyewe."

"Mkwe wangu," mama alisema kutoka kwenye kona, "kwa sauti hiyo hata mimi nisiyeona nimekaribia kuiona namba."

Tukacheka kidogo, pamoja na hofu yetu. Mume akabonyeza mwenyewe. Orodha ikafunguka. Jumatatu, saa kumi na moja na dakika saba jioni: kiasi kile kile, jina la mzee, namba ya mzee. Sindano aliinuka sakafuni. Aliitazama ile simu kwa muda mrefu.

"Siku zote hizi namba yake imekaa humu?" aliuliza. "Simu imemkumbuka?"

"Imemkumbuka."

"Na angelipa kwa noti?"

"Angekuwa mzee mtanashati tu. Nao wako wengi."

Mume akapiga namba, akaweka sauti ya juu tusikie wote. Mzee alipokea.

"Koti? Nimelivaa hapa. Niko kituo cha mabasi, narudi kwetu. Kazi yenu nzuri sana, ila ni zito! Nimesema, kweli hii ndiyo kazi ya mkono."

Mume alifunika simu kwa kiganja. "Tumwambie nini? Tukimwambia ukweli atapanda basi. Nimwambie kifungo kimoja kibovu, arudi tukibadilishe."

"Hapana," mama alisema. "Koti ni lake, amelinunua. Humwiti mtu kwa uongo kisha ukamwomba wema. Mwambie."

Sindano alichukua simu. Akamwambia mzee yote: bitana, miaka mitatu, macho ya mama, Ijumaa saa sita. Kabla mzee hajajibu, simu ikakatika. Mume alipiga tena. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Muda wangu wa mapumziko ulikuwa unakwisha, lakini miguu haikutaka kuondoka, nikampigia mwenzangu anishikie dirisha. Sindano alisimama mlangoni. Mume aliendelea kupiga ile namba mpaka mama akamwambia aiache. Nilijua sheria zote za benki, na hakuna hata moja iliyoweza kumrudisha yule mzee. Ilibaki ni yeye na nafsi yake.

Zilipita dakika arobaini. Kisha mlango wa bluu ukasukumwa, na mzee akaingia amevaa koti jeusi, begi mkononi, anahema.

"Samahani," alisema. "Simu iliisha chaji. Nilikuja kwa miguu, nikapotea mtaa mmoja."

"Na basi lako?" nilimuuliza.

"Limekwenda. Kesho lipo jingine." Akageuka, akampa Sindano mgongo. "Fumua, mwanangu. Sithubutu kulivua, noti zisije zikachanika. Kumbe siku mbili natembea na macho ya mama wa mtu mgongoni!"

Sindano alipiga magoti nyuma yake na kiwembe. Alikata uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bitana ikafunguka, na noti zikaanza kutoka. Zilikuwa bapa, zimepangwa safu kwa safu, zote zimelala upande mmoja. Mimi nahesabu fedha kila siku. Noti hizo sikuweza kuzihesabu mara ya kwanza. Nilizitazama tu. Kila moja ilikuwa ni suruali iliyokatwa, ni gauni lililoshonwa, ni jioni aliyochelewa kwenda nyumbani.

Hatimaye tulizihesabu. Zilitimia zote, isipokuwa mbili zilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la ncha ya pasi. Mume alikuna kichwa.

"Nilisema nililipiga pasi," alisema kwa sauti ndogo.

Sindano alitaka kumpa mzee kitu kidogo cha asante. Mzee alikataa. "Mimi ni fundi wa saa," alisema. "Ninafahamu jicho lina thamani gani. Nishonee tu bitana yangu, sasa koti litakuwa jepesi."

Mama aliomba aliguse lile koti. Alipitisha kidole kwenye mshono wa chini, akarudia tena. "Mwanangu," alisema, "umenificha hata mimi. Mshono huu sikukufundisha. Huu umenizidi."

Alasiri ile ile Sindano alitembea zile hatua ishirini. Alikuja na mumewe, akiwa na kitambulisho chake, picha mbili na noti zake kwenye mfuko wa kitambaa. Alijaza fomu, akatia saini, akapata akaunti kwa jina lake. Zile noti mbili za pasi zilipelekwa kukaguliwa. Moja ilipokelewa. Nyingine ilikuwa imeungua sana, ikakataliwa, na pengo lake likazibwa kwa fedha ya koti. Sindano akasema hiyo iliyokataliwa atamwekea mumewe kwenye fremu.

Kisha tukaunganisha akaunti na simu yake, ili alipe hospitali. Mume alikuwa na haraka, akajitolea kuandika namba ya akaunti ya hospitali. Aliandika upesi upesi, na kidole kilikuwa tayari kubonyeza *Ndiyo*.

"Ngoja," Sindano alisema. "Hapa pameandikwa jina. Limeandikwa... Duka la Chakula cha Kuku."

Mume alikuwa amekosea tarakimu moja.

"Ndiyo maana jina linakuja kwanza," niliwaambia. "Lisomeni kabla ya kubonyeza. Fedha ikienda kwa mwingine, kuirudisha ni kazi, na wakati mwingine hairudi."

"Kuku hawafanyiwi upasuaji wa macho," Sindano alimwambia mumewe, akamnyang'anya simu. Akaandika namba polepole. Jina la hospitali likatokea. Akalisoma kwa sauti, akasoma na kiasi, akaficha simu kwa kiganja na kuandika namba yake ya siri. Akabonyeza.

Simu ikalia hapo hapo. Ujumbe ulitoka hospitali.

Sindano aliinua uso, akatazama mlangoni, kisha nje, barabarani. Hospitali iko mbali, ng'ambo ya mji. "Zimepita wapi?" aliniuliza.

Nilianza kujibu kama ninavyojibu kila siku, kisha nikasita. Kweli, zimepita wapi? Nikamwambia hakuna noti iliyotembea. Benki yetu imeandika kwamba kwako zimepungua. Benki ya hospitali imeandika kwamba kwao zimeongezeka. Zote mbili zimeandika jambo lile lile kwa dakika ile ile, na kila moja inaiamini nyingine. Nilipokuwa nikimweleza, nami nilistaajabu. Miaka kumi na moja nilikuwa sijasimama kulitazama jambo hilo.

"Basi noti nisizitumie tena?" aliuliza.

"Tumia! Utanunua kifungo kimoja kwa benki? Kwa uzi, vifungo na nauli, noti inafaa, na makato hakuna. Ila usikae na nyingi. Kwa malipo makubwa, au ya mtu aliye mbali, tumia akaunti, maana inabaki kumbukumbu. Uliza makato ni kiasi gani kabla ya kutuma. Na ikija meseji inasema umeshinda zawadi, bonyeza hapa, usibonyeze."

"Mimi juzi nilishinda gari," mume alisema.

"Na uko wapi ufunguo?"

Akajifanya anautafuta mfukoni. Lakini alinisikiliza kuliko nilivyotegemea. Alikuwa anataka kumkopea mkewe cherehani ya tatu, ya kumalizia pindo. Sasa aliniuliza mwenyewe: riba kiasi gani, jumla kiasi gani, miezi mingapi. Tukaandika kwenye karatasi. Akaona kwamba akiweka akiba miezi mitano kwanza, atakopa nusu tu, na kazi za duka zitaweza kuilipa. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Miezi mitano baadaye alikuja nayo dirishani kwangu, imechakaa lakini inasomeka.

Jumamosi mama alifanyiwa upasuaji. Jumapili walinialika nyumbani kwao, na nilifika muuguzi aliyetumwa na hospitali akiwa tayari anafungua bandeji. Chumba kilikuwa kidogo: kitanda, meza, dirisha lenye pazia la njano. Muuguzi alibandua kipande cha mwisho cha pamba. Akasema, "Fungua jicho, mama. Taratibu."

Mama alifungua jicho. Alitazama pazia. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma. Kisha akamtazama Sindano, na alimtazama muda mrefu, kuanzia kichwa hadi miguu.

"Umekonda," alisema.

Sindano alimkumbatia, wakalia wote wawili, na muuguzi akawakataza kulia kwa ajili ya jicho, huku yeye mwenyewe anapangusa machozi. Mume alikwenda kusimama uani kidogo. Alirudi macho mekundu, anasema kuna vumbi.

Mama akanigeukia. "Wewe ndiye dada wa benki? Sauti yako nilidhani ni ya mtu mnene." Kisha macho yake yakashuka. "Nani amekupindia sketi hiyo? Pindo limekwenda kombo."

"Mimi, Mama," Sindano alisema, anacheka na kulia. "Siku ile ile ya koti. Niliipinda jioni, akili yangu yote ikiwa Jumamosi."

"Kesho ulete, binti, tuifumue," mama aliniambia.

Baadaye, chai ilipokwisha, aliomba aone kitu kimoja. "Ule ujumbe wa hospitali," alisema. "Mlinisomea. Nataka niusome."

Sindano alimpa simu. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, kisha karibu. Midomo yake ilianza kutikisika. Alisoma herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa utotoni.

"Ma-li-po... yame... yamepokelewa. Mgonjwa..." Akafika kwenye jina lake mwenyewe. Alilisoma lote, jina lake, la baba yake na la babu yake, halafu akalirudia.

Kisha akamnyooshea mkwe wake simu.

"Mwanangu," alisema, "huu usiufute."